Jani Lina Tarehe Yake

Jani la mnyanya likifunguka likiwa jembamba, limekunjamana na mishipa yake imebanana, wengi hulipindua wakatafuta mdudu chini yake. Mara nyingi hawamkuti, kwa sababu aliyeharibu alikwisha kupita. Jani lilipoumizwa lilikuwa bado limefungwa ndani ya chipukizi, pengine halijafika hata milimita moja, na tunachokiona leo ni matokeo ya kazi iliyovurugwa siku nyingi nyuma. Ndiyo maana kabla ya kuuliza jani hili lina ugonjwa gani, ni vizuri kuuliza lilikuwa katika hatua gani lilipoguswa. Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe hupatikana kwa kujua jani linavyojengwa, kisha kuhesabu.

Kileleni

Kwenye ncha ya kila shina linalokua kuna meristemu ya kilele, yaani kundi dogo la seli ambazo bado hazijapewa kazi maalumu. Ni kidundu laini kinachong'aa, na upana wake katika mimea mingi ni kati ya sehemu ya kumi ya milimita na robo ya milimita. Seli za katikati yake hugawanyika polepole na hubaki changa muda wote mmea unapokua. Jani halitoki hapo katikati. Hutoka ubavuni.

Ulinzi wa hiyo sehemu ya kati umechunguzwa sana katika mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis thaliana. Jeni iitwayo WUSCHEL hufanya kazi ndani kidogo ya kilele na kuzifanya seli za juu yake zibaki changa. Seli hizo nazo, kupitia jeni CLAVATA3, huizuia WUSCHEL isivuke mipaka. CLAVATA3 ikiharibika, kilele hunenepa kupita kiasi. WUSCHEL ikiharibika, kilele hutoa majani machache kisha hukoma.

Seli za kilele zimepangwa kwa matabaka, na mpangilio huo una maana hata kwa mtu anayepanda maua tu. Tabaka la nje, L1, huzaa ngozi ya jani. Tabaka la pili, L2, huzaa sehemu kubwa ya nyama ya jani, hasa ya kandokando. Seli za ndani, L3, huzaa mishipa na nyama ya katikati. Jani la mapambo lenye ukingo mweupe na katikati ya kijani mara nyingi hutokana na kilele ambacho L2 yake imepoteza uwezo wa kutengeneza klorofili huku L3 ikibaki nzima. Sasa fikiria Dracaena trifasciata yenye kingo za manjano, ambayo wengi bado huiita Sansevieria. Ukiipandisha kwa kipande cha jani, mche unaochipuka hauanzi na kilele kile cha matabaka mchanganyiko. Hujenga kilele kipya kutokana na seli chache, na huota kijani kitupu. Anayetaka kingo zile aigawe kwenye tunguu, achukue chipukizi lenye kilele chake.

Nani anachagua mahali

Mwaka 1868 Wilhelm Hofmeister alieleza kanuni ambayo bado inasimama: kivimbe kipya cha jani huchomoza pale penye nafasi kubwa zaidi, mbali na vivimbe vilivyotangulia. Sababu yake ilikuja kueleweka baadaye sana, na ni homoni ya auksini.

Seli za L1 zina protini iitwayo PIN1 ambayo husukuma auksini nje ya seli. PIN1 haikai pande zote sawasawa, bali hujipanga upande unaoelekea jirani mwenye auksini nyingi zaidi. Kwa hiyo palipo na auksini kidogo iliyozidi huongezewa, na eneo la kuzunguka hapo hukaushwa. Mkusanyiko ukishakua vya kutosha, jani huanza. Kivimbe hicho nacho huivuta auksini ya karibu na kuiteremsha ndani ya shina, kupitia njia ambayo baadaye itakuwa mshipa mkuu wa jani. Mwenziwe hawezi kuanza karibu naye, maana hakuna auksini ya kumwanzishia.

Mwaka 2000 Didier Reinhardt, Therese Mandel na Cris Kuhlemeier walionyesha jambo hili kwa jaribio zuri sana. Walikuza vilele vya mnyanya katika chakula chenye kemikali inayozuia usafirishaji wa auksini. Vilele viliendelea kurefuka vikiwa vitupu, bila jani hata moja. Walipoweka auksini kidogo ubavuni mwa kilele, jani lilichomoza palepale ilipowekwa.

Mpangilio unaoonekana kwenye shina hutokana na kanuni hiyohiyo. Nyasi na nafaka hutoa majani kwa nyuzi 180, moja huku na moja kule. Mimea ya jamii ya mrehani hutoa majani mawili mawili yanayotazamana, na kila jozi hukatana na iliyotangulia kwa nyuzi 90. Mingi mingine huzunguka kwa takribani nyuzi 137.5. Ukitaka kuhakiki mzunguko huo, usitafute jani lililo juu kabisa ya jingine, hulipati. Hesabu kuanzia jani la 1: jani la 9 litakuwa limepishana nalo kwa nyuzi 20 tu, na jani la 14 kwa nyuzi 12.5. Shina likiwa limejipinda kuelekea kwenye mwanga vipimo huharibika, kwa hiyo pima mche uliopata mwanga kutoka juu.

Kabla kivimbe hakijaonekana, seli zitakazokijenga huwa zimekwisha kutengwa. Dalili yake ni kuzimwa kwa jeni za kundi la KNOX, ambazo kazi yake ni kuzuia seli za kilele zisikomae. Katika mahindi seli waanzilishi hupita mia moja na huzunguka kilele karibu chote, na ndiyo maana ala ya jani la hindi huja kulikumbatia shina. Jeni ya kwanza ya kundi hili kutambuliwa, KNOTTED1, ilitolewa kwenye mahindi na Sarah Hake na wenzake. Katika mahindi yenye kasoro jeni hiyo huwaka ndani ya jani, mahali isipotakiwa, na bapa, yaani sehemu pana ya jani, huota vifundo kando ya mishipa kwa sababu seli za pale zinaendelea kugawanyika wakati majirani zao wamekwisha kutulia.

Juu na chini

Hatua inayofuata ndiyo naiona muhimu kuliko zote. Kivimbe kikiwa na umri wa siku moja au mbili tu, hugawanywa pande mbili. Upande unaotazama kilele utakuwa uso wa juu wa jani, na upande unaokipa kilele mgongo utakuwa uso wa chini. Bapa huota pale tu pande hizo mbili zinapokutana.

Ian Sussex alilionyesha hili mwaka 1951 kwa kisu. Alikata mstari mdogo kati ya kilele cha kiazi na mahali ambapo jani lilikuwa karibu kuchomoza. Jani likatoka, lakini lilikuwa kijiti cha mviringo kisicho na bapa. Lilikosa mawasiliano na kilele, likakosa upande wa juu. Mwaka 1995 Richard Waites na Andrew Hudson walifika palepale kwa njia ya jeni, wakitumia ua la Antirrhinum lenye kasoro iitwayo phantastica. Baadhi ya majani yake yalikuwa na upande wa chini kote kote na yalibaki kuwa vijiti. Mengine yalikuwa na mabaka ya upande wa chini juu ya uso wa jani, na kila penye mpaka wa baka kulichomoza kijibapa cha ziada.

Ndani ya seli kazi hii hufanywa na makundi ya jeni yanayopingana: HD-ZIP III kwa juu, KANADI kwa chini. RNA ndogo, yaani vipande vifupi vya RNA, huzisaidia kwa kufuta ujumbe wa jeni za upande usiohusika. Kumbuka hizo RNA ndogo, maana zitarudi tukifika kwenye virusi.

Kufungua chipukizi na kuhesabu

Majani yaliyo ndani ya chipukizi hupewa namba: changa kabisa linaloonekana ni P1, linalolitangulia ni P2, na kuendelea. Muda kati ya kuanza kwa jani moja na jingine huitwa plastokroni. Muda kati ya kuchomoza nje kwa jani moja na jingine huitwa filokroni. Watu huchanganya hivi viwili, na tarehe zao zote hukosewa.

Chukua mche wa mnyanya wenye majani halisi matatu au manne. Usichukue mkubwa zaidi: baada ya majani kama saba hadi kumi na moja kilele cha mnyanya hugeuka kuwa kishada cha maua, na utakuwa unahesabu vivimbe vya maua ukidhani ni majani. Kata ncha yenye urefu wa sentimita 2 hadi 3, ilaze juu ya karatasi nyeusi iliyoloweshwa, na uifanyie kazi chini ya hadubini ya kupasulia inayokuza mara 20 hadi 40. Lenzi ya mara 10 itakufikisha P4 au P5 tu. Utahitaji wembe mpya na sindano mbili nyembamba. Ondoa jani kubwa kwanza kwa kulisukuma kwenda chini kutoka kwenye kitako chake. Ukilivuta kwenda juu, litaondoka na kilele. Pima na uandike urefu wa kila jani unaloliondoa. Dondoshea maji kila baada ya dakika chache, kwa maana kilele kilichoachwa wazi chini ya taa hunyauka upesi na vivimbe havionekani tena.

Ukifika ndani utaona P1 kama kitutusi tu, P2 imeanza kuinamia kilele, na kufikia P4 au P5 vijijani vya kwanza vya mnyanya, yaani vipande vidogo vinavyounda jani moja, vimekwisha kujitokeza pembeni. Hapo ndipo mtu hutambua kwamba umbo la jani limeamuliwa kabla jani halijafika ukubwa wa kushikika.

Sasa hesabu. Kama ndani ya chipukizi kuna majani matano yaliyofichika na mmea hutoa jani moja nje kila siku tatu, jani linalochomoza leo lilianza takribani siku 15 zilizopita. Hesabu hii inafaa kwa mimea ambayo plastokroni na filokroni zake zinakaribiana. Katika mahindi haifai, kwa sababu majani huanzishwa haraka kuliko yanavyochomoza, nayo hulundikana ndani. Kiinitete cha mbegu ya hindi tayari kina majani kama matano, na mche unapofikisha majani matano yenye shingo inayoonekana, kilele kimekwisha kuanzisha karibu majani yote ya maisha yake, ingawa chenyewe bado kiko chini ya udongo. Hapo ndipo ilipo sababu ya mche wa hindi uliokatwa mapema juu ya udongo kuweza kupona: kilele hakikuguswa.

Kwa anayetaka usahihi zaidi bila kupasua, kuna kipimo cha Ralph Erickson na Francis Michelini cha mwaka 1957. Chagua urefu wa rejea, tuseme milimita 10. Tafuta jani la mwisho lililofikia au kupita urefu huo, namba n, na linalolifuata ambalo bado halijaufikia. Umri wa mche kwa plastokroni (ln ni logi asilia) ni:

n + (ln urefu wa n − ln 10) ÷ (ln urefu wa n − ln urefu wa n+1)

Jani la 8 likiwa na milimita 14 na la 9 milimita 7, unapata 8 + 0.336 ÷ 0.693, yaani takribani 8.49. Kipimo hiki hulinganisha miche miwili kwa hatua ya ukuaji, siyo kwa siku za kalenda, na kwa majaribio ya mbolea au maji ni bora zaidi kuliko kuhesabu siku tangu kupanda. Sharti lake ni kwamba majani machanga yawe yanakua kwa kasi inayofanana. Mmea ukipata msukosuko katikati, namba hupotosha.

Kupanuka

Mwanzoni jani hukua kwa kugawanya seli, baadaye kwa kuzipanua. Seli inayopanuka hulegeza ukuta wake, huingiza maji kwenye vakuoli, yaani mfuko wa maji ulio ndani yake, na huongezeka ujazo mara nyingi. Sehemu kubwa ya ukubwa wa mwisho wa jani hutokana na hatua hii ya pili. Katika mimea mingi ya ghalajani mbili, yaani yenye majani mawili ya mbegu, ncha ya jani hukoma kugawanya seli kwanza, kisha ukomavu huteremka kuelekea kikonyo.

Stephen Hales aliligusa jambo hili mwaka 1727 kwa kutoboa alama zenye nafasi sawa kwenye jani changa la mtini, kisha akaangalia zinavyoachana. Kalamu ya wino usiofutika inatosha. Chukua jani lililofikia karibu robo ya ukubwa wake, weka nukta kila milimita 2 kuanzia kitako hadi ncha, piga picha pamoja na rula kila siku kwa saa ileile. Nukta za kitako zitaendelea kuachana wakati za nchani zimesimama. Usibonyeze kalamu, maana ngozi changa ikichubuka sehemu hiyo hudumaa na jani hupinda.

Katika nyasi na nafaka mpangilio huu umefika mwisho wake. Seli hugawanyika kwenye sentimita chache za kitako cha jani peke yake, hurefuka juu kidogo ya hapo, na kila kilichotoka nje ya ala kimekwisha kukomaa. Ukikata nyasi nusu, jani lilelile huendelea kusogea juu, ila ncha yake hubaki na alama ya mkato. Seli za jani la nafaka zilizo kwenye kimo kimoja zina umri mmoja, kwa hiyo usiku mmoja wa baridi kali huacha mstari mweupe unaokata jani kwa upana. Mistari ya usiku huohuo huwa kwenye umbali tofauti kutoka nchani katika majani tofauti, kwa sababu kila jani lilikuwa limefika mahali pake. Na ukiona safu ya matundu yaliyojipanga sawasawa kuvuka jani la hindi, usidhani ni wadudu wengi. Ni mmoja, aliyetoboa mara moja jani likiwa limeviringika ndani ya bomba lake.

Ukame hupiga hatua ya kupanuka kabla ya kingine chochote. Jani hupunguza kasi ya kukua kabla halijaonyesha kunyauka na kabla usanisinuru haujashuka sana. Maji yakirudi baada ya dirisha la kupanuka kufungwa, jani hilo halifidii. Hubaki dogo, na mwagiliaji anayengoja linyooke hadi ukubwa wa wenzake anangoja bure.

Ukingo, mishipa, matundu

Meno ya ukingoni na vijijani vya jani la mchanganyiko hutokana na kanuni ileile ya auksini, sasa ikirudiwa kando ya bapa: auksini inapokusanyika huchomoza jino au kijijani, na kati ya vilele viwili jeni za CUC huzuia ukuaji. Katika mnyanya jeni za KNOX, zilizozimwa mwanzoni, huwashwa tena ndani ya jani changa na kulipa muda zaidi wa kutoa vijijani. Njegere imepita njia nyingine. Hutumia jeni ya jamii ya LEAFY, ambayo kwingine hujulikana zaidi kwa kuanzisha maua. Kujua kama unatazama jani moja la mchanganyiko au tawi lenye majani mengi, angalia kwapani. Chipukizi hukaa kwenye kwapa la jani zima. Kijijani hakina chipukizi.

Si kila jani lisilofanana na wenzake ni jani bovu. Maharage hutoa kwanza majani mawili sahili yanayotazamana, kisha yenye vijijani vitatu. Mabadiliko kama haya ya utotoni hadi utu uzima husimamiwa na RNA ndogo iitwayo miR156, ambayo huwa nyingi katika mche mchanga na hupungua mmea unapokua.

Mishipa huchorwa na auksini pia. Seli inayopitisha auksini nyingi huongeza uwezo wake wa kuipitisha, mpaka mkondo mpana unabanwa kuwa njia nyembamba. Tsvi Sachs alilieleza wazo hili tangu mwaka 1969. Mshipa mkuu hutangulia, kisha ya pili hufunga vitanzi kuelekea ukingoni, na ile midogo hujazwa jani linapopanuka. Stomata, yaani matundu madogo ya kupitishia hewa, nazo hufuata sheria ya nafasi: seli ya ngozi hugawanyika vipande visivyo sawa, kidogo huendelea kuwa jozi ya seli linzi, na protini ndogo zinazotoka humo huwakataza majirani wasifanye hivyohivyo. Ndiyo maana karibu kila mara kuna angalau seli moja kati ya stomata mbili. Kuziona, paka rangi ya kucha isiyo na rangi chini ya jani, iache ikauke dakika 15, ibandue kwa utepe wa gundi angavu, uitazame kwa kukuza mara 400. Kwenye majani yenye nywele nyingi njia hii hushindwa, kwa sababu rangi haigusi ngozi.

Jambo la stomata linalopuuzwa ni kwamba idadi yake huamuliwa kwa sehemu na mwanga na hewa ya ukaa inayoyapata majani makubwa, ambayo hutuma ishara kwa madogo yaliyo chipukizini. Ni hivyohivyo kwa unene. Jani lililojengwa juani huwa na tabaka refu au matabaka zaidi ya seli zilizosimama wima chini ya ngozi, na la kivulini huwa jembamba. Jani likishakomaa haliongezi tabaka. Mmea wa kivulini ukitolewa juani ghafla huunguza majani ya zamani, na hata majani mawili matatu ya kwanza kufunguka huwa nusu kwa nusu. Usikate tamaa kwa kuyatazama hayo. Tazama lile lililoanzishwa baada ya kuhama.

Kasoro na tarehe zake

Utitiri mpana, Polyphagotarsonemus latus, una urefu wa takribani sehemu mbili za kumi za milimita na hupenda majani yaliyo bado chipukizini. Majani hufunguka yakiwa magumu, membamba, kingo zimejikunja chini, na rangi ya shaba kwa chini. Dawa ikiua utitiri wote leo, majani yaliyokuwa ndani bado yatatoka yamepinda. Wapulizaji wengi hurudia dawa hapo wakidhani imeshindwa. Fungua machipukizi mawili chini ya hadubini. Kama ndani hamna utitiri wala mayai, subiri idadi ya majani iliyokuwa chipukizini ipite, ndipo utoe hukumu.

Dawa ya magugu ya 2,4-D, ambayo ni auksini ya kutengenezwa, ikipeperushwa hadi kwenye mnyanya, pamba au mzabibu, vikonyo vya majani yaliyokomaa hujipinda kwa saa chache, lakini mabapa yao hayabadiliki umbo. Yaliyokuwa machanga ndiyo hutoka membamba, mishipa ikienda karibu sambamba, kwa kuwa ramani ya auksini iliyokuwa ikiwaongoza ilizamishwa. Virusi vya mozaiki vya matango hutoa jani linalofanana sana na hilo. Hubeba protini inayozuia mfumo wa RNA ndogo, ule ule unaotenga juu na chini, na bapa hupotea. Namna ya kuvitofautisha ni kuhesabu. Dawa iliyopita mara moja kwa kiasi kidogo huacha majani machache mabovu, kisha mazuri hurudi. Virusi haviachi, kila jani jipya huwa bovu, na mara nyingi mabaka ya kijani kilichofifia huonekana pia. Ng'oa.

Upungufu wa virutubisho husomwa kwa mahali. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesi huweza kuhamishwa, kwa hiyo mmea huzinyonya kutoka majani ya chini kuyalisha ya juu, na dalili huanza chini. Kalsiamu, boroni na chuma hazihamishiki kirahisi, dalili huanza juu. Chuma kikikosekana jani changa huwa la manjano huku mishipa ikibaki kijani. Boroni ikikosekana, majani machanga huwa mazito na yenye kuvunjika, na kilele chenyewe hufa. Zinki ikikosekana, majani huwa madogo na pingili fupi.

Kalsiamu ina hila yake. Husafiri na maji yanayovutwa na jani linapotoa mvuke, na jani lililofungwa ndani ya kichwa cha saladi halitoi mvuke wa kutosha. Kingo zake huungua ingawa udongo una kalsiamu tele. Kuongeza chokaa hapo hakusaidii, na kupulizia kalsiamu juu ya kichwa kilichofunga hakufiki ndani. Kinachosaidia ni hewa inayotembea juu ya mimea na kupunguza kasi ya ukuaji.

Usidhani pia kwamba majani machanga yanalisha mmea. Jani huanza maisha likiwa mlaji. Kwa kawaida huanza kutoa sukari likiwa limefika takribani robo ya ukubwa wake, kuanzia nchani, na hugeuka kuwa mzalishaji kamili likifika asilimia 40 hadi 50. Kinyume chake, kuondoa majani yaliyokomaa mengi kwa mpigo kunawanyima chakula yale yanayojengwa ndani, na hasara itaonekana wakati umekwisha kusahau ulipokata.

Matundu ya Monstera hutengenezwa jani likiwa bado dogo sana, kwa seli za mahali fulani kufa kwa mpango, kisha vitobo hivyo hupanuka pamoja na bapa. Jani lililofunguka likiwa zima halitatoboka baadaye kwa mbolea yoyote. Lipe shina mwanga zaidi na kitu cha kupandia, kisha uangalie majani yajayo. Mpasuko wa jani la mgomba ni kitu kingine kabisa: bapa lake huumbwa zima, na upepo ndio hulipasua.

Ipo mimea michache isiyofuata ukomo huu. Baadhi ya spishi za Streptocarpus, kama Streptocarpus wendlandii, huishi kwa jani moja tu, ambalo ni ghalajani linaloendelea kukua kutoka kitako. Miti ya Guarea na Chisocheton hubakiza chipukizi kwenye ncha ya jani lake la mchanganyiko, na chipukizi hilo huongeza vijijani vipya kwa miaka, huku vile vya kwanza vikikomaa na kudondoka kutoka kwenye jani lilelile.